Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mipango Miji: tunaomba faili ya ramani tu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima, hii ni barua yangu ya nne. Zile tatu za mwanzo naamini zimetunzwa vizuri mahali fulani.

Jumatatu iliyopita, kwenye mkutano wa upanuzi wa barabara, uliushika mchoro wetu kwa vidole viwili ukasema ni "michezo ya intaneti". Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka. Barabara ile niliipima kwa tepu alfajiri tano mfululizo, kabla magari hayajajaa, goti langu bovu likinisuta kila ninapoinama. Usiku nikaingiza vipimo kwenye Streetmix, tovuti ya kuchorea barabara: njia ya miguu, miti, baiskeli, kila kitu na upana wake. Ajabu ni kwamba mchoro wa mshauri wenu hauna njia ya miguu kabisa. Labda watu wataruka.

Tukirudi kwenye michezo: mitaro na vichochoro tumeviweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia, iliyoanza mwaka 2004, ambayo waokoaji waliitegemea Haiti baada ya tetemeko la 2010. Uchambuzi tuliufanyia kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya kuchambua ramani. Vyote ni vya bure, na nahisi hapo ndipo panapouma, kwamba cha bure kimeonyesha kasoro ya kilicholipiwa. Au pengine hakuna hila yoyote, faili imekwama tu kwenye kompyuta ya mtu aliyehamishwa idara. Nabaki kukisia, maana hakuna anayenijibu.

Mwaka jana uliahidi mbele za watu kwamba ramani ya mradi tungeipata "ndani ya wiki mbili". Tulichopewa ni picha ya skani iliyopinda, haina skeli, na mpaka wa hifadhi ya barabara umefunikwa na muhuri wa ofisi yako. Muhuri, kwa kweli, unasomeka vizuri sana.

Tunataka njia ya miguu. Tunataka vivuko, na taa pale kwenye kona, na mtaro usioishia mlangoni kwa watu. Lakini hayo tuyaache kwanza. Leo naomba faili yenyewe ya ramani, yenye koordineti zake, inayofunguka kwenye QGIS. Faili tu, Mheshimiwa. Itume kwa baruapepe, na kama ni nzito, nitakuja na flashi yangu.

Wako,
Yule wa michezo ya intaneti