Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kadi ya bima haimfuatilii mgonjwa nyumbani

YAH: MIFUKO YOTE YA BIMA ICHANGIE URATIBU WA HUDUMA ZA AFYA YA MSINGI VIJIJINI

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Utumishi wangu ulikuwa katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini, na ninakuandikia kwa sababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inatupa nafasi ya kurekebisha jambo ambalo limetuumiza muda mrefu. Hakuna anayelipia kazi inayopaswa kufanyika kati ya siku mgonjwa anapotoka kituoni na siku anayotakiwa kurudi.

Mfikirie mama wa miaka 60 mwenye presha na sukari. Zahanati ya kijiji inampima, inaona hali si nzuri, inampa rufaa kwenda kituo cha afya, nacho kinampeleka hospitali ya wilaya. Huko anabadilishiwa dawa. Anarudi nyumbani na vidonge vya mwezi mmoja na karatasi aliyoifunga kwenye ncha ya kanga. Muuguzi aliyemwandikia rufaa hajui alikutwa na nini wala dawa gani zimesimamishwa, maana majibu ya rufaa hayarudi zahanati. Vidonge vikiisha kabla mahindi hayajauzwa, nauli hakuna, naye anakaa nyumbani. Hapigiwi simu, hatembelewi. Siku akirudi, analetwa kwa bodaboda amebanwa katikati ya dereva na mwanawe, upande mmoja wa mwili umepooza.

Nimewapokea wagonjwa wa namna hiyo, Mheshimiwa, na nakuhakikishia kwamba kila mtumishi aliyemhudumia mama huyo alifanya sehemu yake. Daktari alimwona, maabara ilipima, dirisha la dawa lilitoa dawa, madai yakajazwa na kupelekwa kwenye mfuko. Lakini fomu ya madai haina mstari wa kumtafuta aliyekosa kliniki, wala wa kumwuliza daktari wa wilaya kwa nini alibadilisha dawa, wala wa mafuta ya pikipiki ya kumfikia mgonjwa kitongojini. Kituo kinalipwa mgonjwa akifika. Kumzuia asifike akiwa mahututi hakumwingizii mtu hata senti.

Kwa nini mifuko hailipii kazi hiyo? Angalia benchi la zahanati yoyote asubuhi. Mwalimu ana kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mkulima ana CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ile iliyoanza kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Kijana aliyekuja likizo ana bima ya kampuni binafsi ambayo zahanati haina mkataba nayo, na wa mwisho analipa taslimu. Mfuko mmoja ukiajiri mratibu wa kuwafuatilia wanachama wake tu, atapita nyumba tatu na kuruka ishirini. Ukimlipa awafuatilie wote, mifuko mingine itavuna bila kupanda. Kwa hiyo kila mfuko unamngoja mwenzake, na hesabu ya kila mmoja peke yake ni sahihi. Ndiyo maana jambo hili halitajimaliza lenyewe. Linahitaji Serikali iite mifuko yote mezani.

Wapo waliokwisha kulifanya. Vermont ni jimbo dogo la Marekani, sehemu yake kubwa ni vijiji na milima, na bima zake ni nyingi, za serikali na za binafsi. Chini ya mpango wao unaoitwa Blueprint for Health, bima hizo zinachangia gharama za timu za afya za jamii: wauguzi waratibu, maafisa ustawi wa jamii, washauri wa lishe. Mwanzoni timu moja ilitengewa dola 350,000 kwa mwaka kwa kila watu 20,000, na gharama ikagawanywa kati ya bima. Mgonjwa anayehitaji timu haulizwi kadi yake ni ya nani. Na hiari haikutosha: sheria ya jimbo ndiyo iliyozitaka bima zishiriki. Mfuko wa wazee wa serikali kuu, Medicare, ulikuwa haujaingia, basi jimbo likalipa fungu la wazee hao hadi mfuko huo ulipojiunga mwaka 2011.

Dola zao si zetu, najua. Ninachokuomba ukitazame ni utaratibu.

Na sisi si wageni wa kuchanga pamoja. Mwaka 1996 tulianza CHF wilayani Igunga, kaya za wakulima zikichangia matibabu kabla ya kuugua. Wafadhili waliokuwa kila mmoja na mradi wake waliingia katika Mfuko wa Pamoja wa Afya tangu mwaka 1999, na kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha hizo zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Tazama pia m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito: anayeona mama mjamzito yuko hatarini anapiga 115 bure, mratibu anatafuta gari, na dereva wa jamii analipwa nauli yake. Hapo hakuna anayeuliza mama ana bima gani. Kama tumeweza kwa uzazi wa dharura, mwenye presha na sukari naye anastahili.

Ombi langu ni kwamba kanuni za Sheria hiyo ya Bima ya Afya kwa Wote ziutake kila mfuko wa bima, wa umma na wa binafsi, utoe kiasi kilekile kwa kila mwanachama kwa mwaka, kwa kufuata halmashauri anakoishi, si ofisi ya mwajiri wake ilipo. Kwa wasio na uwezo, fungu lao litolewe na Serikali. Fedha ziingie kwenye akaunti ya kituo cha afya, zifungwe kwa kazi ya uratibu tu, na kamati ya usimamizi wa kituo izione kila robo mwaka. Nasisitiza kufungwa kwa sababu najua fedha isiyo na jina huishia kwenye saruji. Ziajiri muuguzi mratibu mmoja kwa kuanzia, zilipe vocha, mafuta na posho ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na ziwezeshe rejesta moja ya wagonjwa wa kudumu ambayo zahanati, kituo na hospitali ya wilaya wote wanaisoma. Majibu ya rufaa yarudi humo.

Kampuni binafsi zitasema hazina wanachama kijijini. Lakini mwanachama wao wa mjini ana wazazi kijijini, na wengine wamo kwenye orodha yao ya wategemezi. Mzazi huyo figo zikifeli kwa presha isiyofuatiliwa, kusafishwa damu mara tatu kwa wiki hakutalipwa na zahanati. Wengine watahofia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kwamba kukaa pamoja ni kupanga bei. Serikali ikiitisha kikao hicho yenyewe na kiwango kikawekwa kwa kanuni, hofu hiyo inaondoka.

Zahanati ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, kwa hiyo nakala ya barua hii naielekeza kwa mwenzako wa huko. Anzeni pamoja na halmashauri chache, zile ambazo umbali kati ya zahanati na hospitali ya wilaya ni mkubwa, na kabla ya kuandika kanuni waiteni wauguzi wa zahanati hizo wawaeleze wagonjwa wao hupotelea hatua ipi. Kisha tunaomba utuambie katika hotuba ya bajeti ijayo ni halmashauri zipi, na zinaanza lini.

Wako katika kulijenga Taifa,

Muuguzi mstaafu,
Mkoa wa Manyara