Deni la milioni 3 lisigeuzwe kesi ya kiwanja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenyeviti wa serikali za mitaa, pamoja na sisi wengine tunaoitwa jioni kuweka saini ya shahidi bila hata kusoma kilichoandikwa.

Kuna mchezo umeota mizizi mitaani kwetu hapa Dar es Salaam. Mtu amebanwa, ana mgonjwa Muhimbili au mtoto amerudishwa ada. Anamfuata jirani mwenye nafasi kidogo, anaomba milioni 3. Jirani hakatai, ila anasema, "Sawa, ndugu yangu, lakini tuandikishane." Kinachoandikwa sasa si mkopo. Ni mkataba wa mauziano: fulani amemuuzia fulani nyumba yake, amepokea fedha zote taslimu, hawadaiani. Pembeni, kwa mdomo tu, wanakubaliana kwamba akileta milioni 4 ndani ya miezi mitatu karatasi itachanwa. Mwenyekiti anagonga muhuri, anapewa cha soda, watu wanatawanyika.

Miezi mitatu ikikatika na fedha haijatimia, jirani yule yule anakuja na fundi wa kubadilisha kitasa.

Deni la fedha kati ya watu wanaofahamiana lina njia yake, tena fupi. Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya fedha yanayotokana na mkataba hadi shilingi milioni 30. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili na mdai anaweza kusimama mwenyewe. Sheria ya ukomo inampa miaka 6 ya kudai. Kazi yake ni kuonyesha kwamba fedha alitoa na hajarudishiwa.

Likishaandikwa neno "kuuziana", shauri linahama. Limekuwa mgogoro wa ardhi. Watu wanaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu sheria irekebishwe mwaka 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Kutoka hapo ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na asiyeridhika anapanda Mahakama Kuu. Katikati ya hayo anaibuka mke ambaye hakuambiwa chochote. Naye ana haki ya kuibuka, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya wanandoa kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Milioni 3 zimezaa kesi mbili, na jirani aliyekopesha hajaonja hata senti.

Mkopaji naye akisimama barazani kusema "ule ulikuwa mkopo", anakutana na saini yake mwenyewe. Sheria ya Ushahidi haitoi nafasi kubwa kwa maneno ya mdomo yanayopinga mkataba ulioandikwa, labda athibitishe mambo kama udanganyifu. Mashahidi wakiulizwa wanajibu kwamba wao waliona watu wakisaini, mengine hawajui. Ni kweli hawajui, kwa sababu hawakuuliza.

Siwatetei wakopaji. Wapo wanaoweka kiwanja kimoja kwa watu watatu, kisha wanazima simu. Anayetoa akiba yake kumsaidia mwenzake ana kila sababu ya kutaka dhamana. Lakini dhamana ya nyumba inaitwa rehani, na Sheria ya Ardhi ya 1999 imeiwekea utaratibu: mkopaji akishindwa anapewa notisi ya maandishi, mali ikiuzwa iuzwe kwa bei inayostahili, na kinachozidi deni kinarudi kwa mwenye nyumba. Hicho cha mwisho ndicho kinachokimbiwa. Kwa mauziano ya uongo, nyumba ya milioni 25 inamezwa kwa deni la milioni 3 na hakuna chenji. Halafu wapo waliofanya hii kuwa biashara kabisa, wanakopesha mtaa mzima kwa riba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawataka wawe na leseni, na hawana. Kwenye karatasi ya mauziano riba haionekani, kwa hiyo wao ni "wanunuzi" tu.

Mwenyekiti hahitaji kuwa mwanasheria kuutambua mchezo huu. Amuulize muuzaji anahamia wapi. Kama hahami, na bei ni ndogo kuliko ya banda la uani, na mwenzi wake hayupo, muhuri ubaki mfukoni. Waambiwe waandike mkopo: kiasi, tarehe ya kurudisha, dhamana ni nini, wenzi wasaini. Fedha zenyewe zipitie kwenye simu au benki badala ya kuhesabiwa mezani, kwani ujumbe wa muamala unabaki, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu kumbukumbu kama hizo kupokelewa mahakamani.

Wenyeviti waliochaguliwa Novemba 2024 bado wana muda mrefu ofisini. Naziomba halmashauri, kupitia wanasheria wake, zipeleke kwenye kila ofisi ya mtaa fomu ya Kiswahili ya mkataba wa mkopo binafsi, ikae pamoja na ile ya mauziano. Ukurasa mmoja unatosha, na gharama yake ni karatasi na wino.

Mkazi wa Mbagala,
Dar es Salaam