Safari si kwenda kuona tembo tu

Mhariri,

Ukurasa wenu wa utalii Jumapili iliyopita ulisema safari ni "ziara ya kutazama wanyamapori". Wanangu, mnamwandikia nani? Nimekwenda Kilosa kuzika mara ngapi sijui, na zote zilikuwa safari. Sikuona hata ngedere.

Waturuki walipokuwa wakijenga reli ya SGR nilikuwa mama lishe hapa Morogoro. Fundi mmoja wa nondo siku ya kwanza alijigusa kifua akasema, "Misafir." Nikamjibu, sote wasafiri, kaa ule. Baadaye mkalimani wao akanifafanulia: kwao misafir ni mgeni aliyefika nyumbani kwako, na husemwa huja na riziki kumi, akala moja, akaacha tisa. Sisi tuna mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila yule alikula sahani mbili za ubwabwa. Hizo tisa bado nazitafuta.

Siku nyingine pilipili ilizidi. "Bu sefer…" akaanza, machozi yakimtoka. Hapo sikuhitaji mkalimani. Safari hii! Nao huhesabu mara kwa safari, kama sisi. Sefer hiyohiyo kwao ni pia jeshi kutoka kwenda vitani.

Maneno hayo nilimpelekea jirani yangu, ustadh aliyesoma Karachi. Akasema mzizi wa Kiarabu wa neno safari una maana ya kufunua, na wanazuoni wa kale walieleza kuwa safari hufunua tabia za watu. (Aliyelala njiani na abiria wenzake basi likiharibika habishi.) Sufra, ya mzizi huohuo, ilikuwa chakula cha msafiri, kisha ngozi ya kukitandikia, kwa Waajemi, sofreh, ikawa kitambaa cha kulia, na kwa Waturuki, sofra, meza yenyewe. Nikadhani hata sufuria yangu imo. Akacheka: hiyo imetoka kwenye shaba, kwa Kiarabu imeandikwa kwa herufi swadi, si sini kama safari. Lililonikaa moyoni ni la Kiurdu: hamsafar, mwenzi wa safari. Ndivyo wanavyomwita mume au mke.

Waingereza walilichukua neno kwetu karne ya 19 wakalipunguza likawaenea wao, la bunduki na darubini. Hiyo ni haki yao. Ninyi mnaoandika Kiswahili mbona mnaturudishia kipande?

Andikeni "safari ya mbugani". Ni maneno mawili zaidi, wino hautaisha.

Mama lishe mstaafu,
Morogoro