Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bustani ya Jamii ya Mto Themi, Arusha

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, naomba kuwasilisha taarifa ya mwaka ya bustani iliyoanzishwa na klabu yetu kandokando ya Mto Themi. Hesabu zimo katika taarifa ya mweka hazina mliyogawiwa, hivyo sitazirudia. Nitaanza na suala lililochukua muda mrefu zaidi vikaoni, yaani ombi la baadhi yenu kwamba tujenge mgahawa ukingoni ili bustani ijipatie kipato.

Ombi hilo lilikuwa na uzito, kwa kuwa mlinzi anadai mshahara kila mwezi, ilhali ada zetu huja kwa kusuasua. Hata hivyo kamati ililikataa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na eneo letu, kwa wembamba wake, karibu lote limo ndani ya kipimo hicho. Isitoshe, tungewezaje kuwasihi majirani waache kulima hadi majini huku sisi tukimwaga zege?

Masika yalimega sehemu ya ukingo wa chini, lakini pale tulipopanda vetiva udongo ulishika, kwa sababu mizizi ya nyasi hiyo hushuka wima kwenda chini sana badala ya kutambaa juu. Mikaratusi tuliyoikuta eneo hilo, ambayo hunywa maji mengi, inaendelea kuondolewa kwa awamu na kwa kibali, na nafasi yake inachukuliwa na mikuyu na misesewe.

Kuhusu misesewe, wenyeji wa huku na wa Kilimanjaro hawatashangaa nikisema kwamba miti kadhaa ilikutwa asubuhi imebanduliwa magome, kwani gome hilo ndilo linaloipa mbege, pombe ya kienyeji ya ndizi, uchungu wake. Mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina zima hauponi. Kamati haikuona busara kumpeleka mtu polisi kwa sababu ya gome. Badala yake, kupitia mwenyekiti wa mtaa, tulikaa na wapikaji tukakubaliana wapewe miche waipande majumbani mwao. Wajumbe waliotetea suluhu hiyo kwa bidii zaidi, niseme tu, si wageni wa kinywaji chenyewe. Tangu makubaliano hayo hatujaona jeraha jipya.

Taka bado ni mzigo. Mifuko ya plastiki imepungua tangu ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ila chupa na nepi huteremka kila mvua inaponyesha. Themi hutoka Mlima Meru, hukatiza jijini na kuingia Kikuletwa, unaolisha bwawa la Nyumba ya Mungu. Tusichokizoa hapa huelekea kwa wavuvi wa huko. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi umefanyika bila kukosa, ingawa sura ni zilezile.

Kamati inaomba mkutano mkuu uidhinishe mambo mawili: kwanza, sehemu ya ada itengwe kwa mshahara wa mlinzi kabla ya matumizi mengine yoyote, pili, kila mwanachama apangiwe zamu ya usafi. Rasimu ya zamu iko kwa katibu.

Mwenyekiti