Kaka, lile daftari ulilowashia jiko

Shikamoo kaka. Tangu arusi ya mwanao hupokei simu zangu, basi nakuandikia hapa. Na wengine wakisoma, wasome.

Ulisema mbele ya wakwe kwamba dada yako kastaafu maabara, sasa anapaka rangi ubaoni kama mtoto wa chekechea. Watu wakacheka. Mimi nikainamia sahani yangu ya pilau, nikaliona lile jiko.

Unalikumbuka. Masika, mkaa umelowa, mafuta ya taa yameisha. Ulichana daftari langu la michoro karatasi moja moja. Jogoo wa mama ndiye aliyetangulia kuungua. Mkia ulijikunja kabla ya kichwa. Ukasema, "Soma sayansi, picha hazilishi." Uji ulipoiva, kikombe cha kwanza ukanipa mimi. Hicho kikombe ndicho kinachonishinda, kaka, maana ulinipenda.

Nikasoma. Uliuza baiskeli yako kunilipia ada, sijasahau. Miaka 34 nimeinamia darubini. Lakini kuna usilolijua. Damu ukiitia rangi ya Giemsa, ukaisubiri dakika 10, ukaosha, ukadondosha mafuta chini ya lenzi ya kukuza mara mia, kimelea cha malaria hujitokeza kama kipete cha buluu chenye kito chekundu. Vijana wa mafunzo niliwachorea vipete hivyo kwa penseli za rangi mpaka wakavijua. Jicho lile sikulipata darasani, nililipata kwa kumchungulia jogoo wa mama.

Sasa naenda Oysterbay, Dar es Salaam, kwa mafundi wa picha za Tingatinga. Unapaka ubao mzima kwanza, unangoja ukauke, ndipo ndege aje juu yake. Mzee Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alichora miaka kama minne tu, tangu 1968 hivi mpaka risasi ya polisi ilipomuua 1972. Mimi nimeanza na miaka 61. Nikijaliwa hata hiyo minne, nashukuru.

Mjukuu wako hunitumia anachochora. Mnunulie rangi, kaka, usimkatishe tamaa. Wala usiseme nimeitupa ada yako. Nimefanya kazi, mama nimemuuguza, wanangu nimewasomesha. Deni gani limebaki?

Jogoo nimeanza kumchora upya. Kichwa kimekaa, mkia unanikataa. Wewe ndiye uliyekuwa ukimkimbiza uani: manyoya yale marefu yalikuwa meusi, au yalikuwa na kijani? Nipigie uniambie.