Ziba Ufa, Lakini Kwanza Uupime

Simu nyingi tunazopokea sisi wakaguzi wa nyumba kutoka kwa watu waliohamia nyumba mpya huanza na maneno mawili: "Ukuta umepasuka." Anayepiga ana wasiwasi, na ana haki. Ametoa akiba ya miaka, amekaa na mchoraji ramani, amechagua hadi vitasa vya milango, halafu mwezi wa tatu tangu ahamie anaona mstari umeshuka kutoka kona ya dirisha. Fundi akiitwa anakuja na jipsamu na kopo la rangi, anaziba, anapaka, anaondoka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli. Ila ufa uliozibwa kabla chanzo chake hakijajulikana hurudi, na wakati huo wote unakuwa umejificha nyuma ya rangi.

Nyumba ya zege na tofali huanza maisha ikiwa na maji mengi ndani yake. Nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa siku ya 28 tangu limwagwe, lakini kukauka huendelea kwa miezi, na kinachokauka husinyaa. Kwa hiyo nyufa nyembamba kama unywele, zilizotandaa kwenye plasta mithili ya utando wa buibui, hazitutishi. Tunazozihofia ni zile zinazolala mshazari kutoka kona ya mlango au dirisha, zinazopanda kama ngazi zikifuata maungio ya tofali, zinazoonekana ndani na nje mahali palepale, au ambazo upande mmoja umechomoza kuliko mwenzake. Ufa wa ngazi mara nyingi unatokana na msingi unaotitia upande mmoja. Wa kona ya dirisha hutufanya tuiulize lenta, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha au mlango.

Katika nyumba moja tuliyoikagua, ufa wa juu ya dirisha la sebule ulikuwa umeshazibwa mara tatu. Tulibandua plasta kiasi cha kiganja pembeni ya dirisha. Lenta ilikuwa imeingia ukutani sentimita 5 tu, wakati sisi tunataka isipungue 15. Upande wa pili ilikaa vizuri kabisa. Pale hata ungeziba kila mwezi, ufa ungerudi.

Kifaa cha kwanza unachohitaji ni penseli. Weka alama kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe. Kisha weka nukta moja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake kwa milimita, na upige picha rula ikiwa imeegeshwa hapo. Rudia kila mwezi. Ufa usiosogea kwa miezi sita, ziba bila hofu. Ukivuka alama au nukta zikiachana, mwite mhandisi. Uliofikia milimita 5 usiusubirishe hata mwezi mmoja.

Mlango nao una lake la kusema. Unaokwama majira ya mvua na kulegea kiangazi ni mbao tu zinazovuta unyevu. Ukianza kukwama sambamba na ufa uliotokea juu yake, andika tarehe hiyo pia.

Kuhusu maji, funga koki zote, soma mita, usitumie maji kwa saa moja, usome tena. Mita ikisogea, kuna bomba linavuja mahali usipopaona. Bafuni mwaga ndoo ya maji kwenye kona iliyo mbali na tundu la kutolea maji, usiyasukume. Maji yakituama, fundi hakuweka mteremko wa kutosha, na dawa yake ni kung'oa vigae, basi ni afadhali ujue sasa. Gonga vigae kwa sarafu pia: vinavyolia kama debe tupu havikushikwa vizuri na saruji. Kwenye umeme, bonyeza kitufe cha majaribio kwenye swichi ya kinga, ile inayokata umeme unapovuja. Isipokata papo hapo, ita fundi mwenye leseni siku hiyohiyo.

Yote haya yana muda. Mikataba mingi ina kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 6 au 12, ambacho mkandarasi anawajibika kurekebisha kasoro kwa gharama zake. Usimalizane naye kwa maneno ya mlangoni. Mwandikie, weka tarehe na picha, ubaki na nakala.

Ndiyo maana sisi tunakuja mara mbili: kabla hujakabidhiwa funguo, na mwezi mmoja kabla kipindi hicho hakijaisha. Tukija, tunaomba makabati yasogezwe kidogo kutoka kuta za nje, na ramani iwe mezani. Tafuta pia picha ulizopiga kabla plasta haijafunika mabomba na nyaya, hata kama ziko kwenye simu ya zamani. Zinatuonyesha tusichoweza kukiona tena.