Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: kituo cha picha za ubongo kisianze na mashine kubwa

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, salaam na pole na majukumu.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba, yani zile mashine zikishagoma ndo naitwa, kwaiyo nivumilie nikiongea kifundi. Siku hizi wasomi wanasema vyuo vikuu vyetu vya umma vinahitaji kituo cha utafiti wa ubongo chenye MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, na mimi naunga mkono asilimia mia, ila kila mjadala unaishia kwenye swali moja tu, tesla ngapi (kipimo cha nguvu ya sumaku), 1.5 au 3, utadhani watu wanachagua gari kwa cc za injini.

Ngoja nieleze kilichomo mle ndani. Sumaku ni nyaya za niobiamu na titaniamu zilizozama kwenye heliamu ya kimiminika, baridi yake nyuzi 269 chini ya sifuri, na mashine nyingi za kawaida zinabeba kama lita 1,500 mpaka 2,000 za hiyo kitu. Kuna kompresa ya kuipoza usiku na mchana, mgonjwa awepo asiwepo. Umeme ukikatika na jenereta ikagoma, heliamu inaanza kuchemka taratibu inatoroka, na ikipungua sana sumaku inapoteza ubaridi na yote iliyobaki inatoka kwa mkupuo kupitia bomba la paani. Kujaza upya ni hela ndefu sana. Na inachekesha kidogo, maana mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham walitangaza kwamba Rukwa kwetu kuna heliamu ya kutosha chini ya ardhi, ila ya ardhini haijazi mashine mpaka ichimbwe, isafishwe na ipozwe mpaka iwe kimiminika. Hapo sijagusa chumba chenyewe kinachozungushiwa shaba ili mawimbi ya redio yasiingie, mlango wake ukilegea tu picha zinajaa michirizi.

Nishaona mashine ya bei mbaya, sehemu sitaitaja, imefungwa miezi kwa sababu ya spea moja na mtu wa kuifunga anatakiwa atoke nje. Madaktari wapo, wagonjwa wapo, mlango una kufuli.

Sasa Mheshimiwa angalia majirani hapo Mbarara, Uganda. Chuo kikuu chao cha sayansi na teknolojia kilishirikiana na watu wa Leiden, Uholanzi, wakaletewa vipande na vifaa vya kazi kwa ndege, wakaunga MRI ya ubongo palepale chuoni. Sumaku zake ni za kudumu, vipande vidogo vidogo vimepangwa kwenye pete 23, haitaki heliamu hata tone, nguvu yake militesla 50 tu, yani tesla 0.05. Wakufunzi walikuwa 4 na wengine 6 hawakuwahi kufanya kazi hiyo, na toka mzigo ufike mpaka picha ya kwanza ilichukua kama siku 11. Picha sio kali kama ya tesla 3, nakubali, lakini maji kwenye ubongo yanaonekana na shida waliyoilenga ni watoto wenye vichwa vikubwa vya kujaa maji, ambao hata kwetu tunao. Ila mimi kinachonifurahisha zaidi ni kwamba aliyeiunga kwa mikono yake ikiharibika anajua aanzie wapi.

Na mashine ndogo sio utafiti mdogo. Blantyre, Malawi, walipata MRI mwaka 2008, tesla 0.35 tu, timu ya Dk. Terrie Taylor ikawapiga picha watoto wenye malaria ya kichwani. Matokeo yakatoka 2015: watoto 168, waliofariki 25, na kati ya hao 25, watoto 21 ubongo ulikuwa umevimba vibaya toka siku wanalazwa. Watu walikuwa wanabishana miaka na miaka hawa watoto wanauawa na nini hasa. Jibu lilitoka kwenye mashine ambayo wakubwa wetu wangeipita kwenye katalogi bila kuiangalia mara mbili.

Kitu kingine ni EEG, ile ya kuvaa nyaya kichwani kupima umeme wa ubongo. Ni rahisi, inabebeka, inaweza kwenda mpaka kijijini. Shida yake ni nywele, elektrodi, yani kile kidude cha mwisho wa waya, lazima iguse ngozi na kwa nywele zetu haikai vizuri. Pale chuo kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, mwanafunzi Arnelle Etienne na wenzake wakaja na njia ya kusuka mistari kwanza ili ngozi ionekane sehemu zinazotakiwa, alafu klipu zinabanwa kwenye misuko. Sasa nchi yenye wasusi kila mtaa na inayojua twende kilioni toka enzi za bibi, tumesubiri Pittsburgh watufikirie hili? Kituo kikianza kiajiri na msusi, sitanii.

Kwaiyo ombi langu, hela ya kwanza iende kwa watu: mafundi, wanafizikia, na vijana wa kompyuta wa kuchakata hizo picha, maana programu kama FSL na FreeSurfer watafiti wanazipata bure, kinachokosekana ni seva na mtu anayejua kuzitumia. Alafu umeme wa uhakika, EEG, na mashine ya sumaku ndogo. Tesla 3 ije baadae kukiwa na wa kuitunza. Na siku wauzaji watakapokuja ofisini kwako na makabrasha yao yanayong'aa, kabla ya bei waulize ni mafundi wangapi wa Kitanzania watafundishwa kuifungua mpaka ndani, na spea zitakaa wapi. Hayo yaandikwe kwenye mkataba, sio kwenye hotuba ya uzinduzi.

Fundi wa vifaa tiba,
Dodoma